Kwa nini mto wenye tope hufurika upesi: udongo wa mlimani unavyoziba njia ya maji bondeni

Mvua za masika zikikolea, mito ya Ngara na Biharamulo hubadilika rangi. Kijito ambacho Julai unaona mawe yaliyo chini yake, Aprili kinakuwa cha kahawia kama chai ya maziwa. Siku mbili tatu baadaye maji yanatoka nje ya kingo, yanaingia kwenye maharage, yanapita juu ya barabara na kufunika kalavati.

Watu wengi wakiona hivyo husema mto umefurika kwa sababu ya tope. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani. Tope halifanyi maji yawe mengi. Tope huchukua nafasi ambayo maji yalipaswa kupita. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha jembe lianze kazi wapi: mtoni au mlimani.

Tope linaanzia wapi

Safari ya tope huanza na tone la mvua. Tone likianguka juu ya udongo mtupu huupiga na kurusha chembe zake pembeni. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa unaona ukuta wa nyumba umechafuka kwa udongo karibu na ardhi. Chembe zilizorushwa huziba vitundu vidogo ambavyo maji yangepitia kuingia ardhini. Maji yakikosa pa kuingia hutelemka, na yakitelemka hubeba udongo.

Tone hilohilo likiangukia majani makavu yaliyotandazwa chini ya migomba, nguvu yake huishia kwenye majani. Maji huingia ardhini polepole, na sehemu yake hutokea tena miezi ya baadaye kwenye chemchemi zilizo chini ya kilima.

Kwa hiyo kilima kilicho wazi hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kinateremsha udongo mwingi, na kinateremsha maji mengi kwa haraka. Mto unapokea mzigo wa tope saa ileile unapopokea maji ambayo, kilima kingekuwa na majani, yangechukua siku kadhaa kufika.

Udongo mwingine hautoki mashambani. Hutoka kwenye njia za ng'ombe zinazoshuka moja kwa moja hadi mtoni, kwenye mitaro ya barabara isiyo na mawe wala majani, kwenye kingo zilizolimwa hadi ukingoni, na mahali ambapo mchanga wa dhahabu huoshwa kando ya vijito.

Jaribu mwenyewe kwa chupa

Mto ukiwa wa kahawia, chota maji kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga. Chota mahali salama, usiingie majini. Itikise, iweke mezani na uiangalie.

Mchanga utashuka kwanza. Kwa kina cha sentimita 10, punje za mchanga huchukua sekunde chache tu. Kisha hushuka tope laini, lile ambalo likikauka huwa vumbi. Hilo huchukua dakika kadhaa. Mfinyanzi ulio laini kabisa huhitaji takribani saa 8 kushuka sentimita hizohizo 10, na hapo chupa iwe imetulia bila kuguswa. Ukiiacha usiku kucha, asubuhi utakuta tabaka chini, mchanga ukiwa wa kwanza na mfinyanzi juu yake.

Mtoni mambo ni hayohayo, ila maji hayatulii. Maji yanayokwenda kasi huzunguka na kurusha chembe juu kila zinapotaka kushuka, na hilo ndilo tope linaloelea. Kasi ikiongezeka mara mbili, uwezo wa mto kubeba udongo huongezeka zaidi ya mara mbili. Kasi ikipungua, mto huanza kutua mizigo: mchanga kwanza, kisha tope laini. Mfinyanzi huenda mbali zaidi.

Kumbuka basi kwamba mto hutua mzigo wake pale unapopunguza mwendo. Hupunguza mwendo mteremko unapoisha na bonde kuwa tambarare, upande wa ndani wa kona, kwenye kalavati jembamba, nyuma ya magogo na takataka, ndani ya mafunjo, na unapoingia ziwani.

Tope haliongezi maji, linachukua nafasi yake

Tuchukue mfano wa maji machafu sana, yenye gramu 10 za udongo kwa kila lita. Punje za udongo huo zikikusanywa hazijazi kijiko cha chai. Katika lita 100 za maji hayo, udongo wenyewe hauchukui hata nusu lita. Kiasi hicho kikiwa kinaelea hakiwezi kupandisha mto ukatoka nje ya kingo.

Hatari huanza udongo huo unapotua. Fikiria mto wenye kina cha mita 2 unapokaribia kujaa. Misimu kadhaa ikipita, sakafu yake inapanda kwa nusu mita kwa sababu ya mchanga na tope, na kina kinabaki mita moja na nusu. Mtu angesema mto umepoteza robo ya uwezo wake. Kwa kweli umepoteza zaidi ya theluthi, kwa sababu maji yenye kina kifupi husuguana zaidi na sakafu na hivyo huenda polepole. Nafasi imepungua na mwendo umepungua pia.

Mwendo ukipungua, tope zaidi hutua. Tope likitua, nafasi hupungua tena. Ndiyo sababu mto ulioanza kujaa mchanga huharibika haraka kuliko wenyeji wanavyotarajia. Mvua ambayo miaka ya nyuma ilipita ndani ya kingo, sasa inamwagika mashambani, hata kama si kubwa kuliko ile ya zamani.

Kwenye kalavati ni vivyo hivyo. Bomba lililojaa mchanga hadi nusu limebakiwa na nusu ya mlango. Maji hujikusanya nyuma yake kama nyuma ya bwawa, hupanda, hupita juu ya barabara na kula tuta upande wa pili. Anayesafiri kutoka Nyakanazi kupitia Lusahunga kwenda Benaco na Rusumo, au anayetumia barabara za vijijini zinazotoka humo, anajua maana ya kalavati moja kuzibwa. Mgonjwa hafiki hospitali, na ndizi zinaiva njiani.

Mfano mkubwa kuliko yote duniani uko China, kwenye Mto Huang He, ambao jina lake lina maana ya Mto wa Manjano kwa sababu ya tope lake. Kwa karne nyingi watu walijenga matuta marefu kuuzuia. Tope likatua kati ya matuta, sakafu ikapanda, watu wakaongeza matuta, na sakafu ikapanda tena. Leo sehemu za chini za mto huo zina sakafu iliyo juu kuliko mashamba ya kando. Tuta lilipovunjika, maji hayakuwa na njia ya kurudi mtoni. Mafuriko ya 1887 ni miongoni mwa yaliyoua watu wengi zaidi katika historia.

Si kila mafuriko huletwa na tope, hata hivyo. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na chanzo kilikuwa mvua nyingi za muda mrefu. Mvua ya namna hiyo hufurisha hata mto safi. Lakini mto uliojaa mchanga hufurika mapema zaidi, hufurika mara nyingi zaidi, na huchelewa kukauka.

Maji yetu yanapita wapi

Ruvubu huanzia kwenye milima ya Burundi, hupita Ngara na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kagera yenyewe huleta maji ya Nyabarongo na Akanyaru kutoka Rwanda na Burundi. Maji yanayopita chini ya daraja la Rusumo yamekusanywa kwenye milima yenye watu wengi na mashamba yaliyobanana. Rangi ya kahawia tunayoiona pale ni udongo wa nchi tatu.

Tangu zamani tumekuwa na mlinzi ambaye wengi hatumhesabu, nayo ni mafunjo. Baada ya Rusumo, Kagera hupita kwenye ukanda mpana wa mafunjo na maziwa madogo mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Humo mwendo hupungua, maji husambaa, na sehemu ya tope hutua. Mafuriko yanayoingia kwa kishindo hutoka yamelegea, na mto huko chini, kuelekea Kyaka, hufikia kilele wiki kadhaa baada ya mvua za milimani. Mwishowe Kagera huingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ukiwa mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwa hilo.

Biharamulo ina njia zake. Baadhi ya vijito hutelemkia mabonde yanayoelekea Ziwa Burigi, na vingine huelekea Ziwa Viktoria. Hivi ni vijito vifupi. Mvua ikinyesha mchana, jioni maji yamefika, na hakuna wiki za kujiandaa. Kwa vijito vya namna hii, kipande kidogo cha majani na mafunjo bondeni kina thamani kubwa kuliko ukubwa wake unavyoonekana.

Mtu akikata mafunjo na kuchimba mfereji ulionyooka ili bonde likauke alime, shamba lake linakauka kweli. Lakini maji yale hayakutoweka. Yamepelekwa kwa jirani wa chini yakiwa na kasi zaidi na tope zaidi.

Umeme nao umo. Mtambo wa Rusumo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, hutumia mtiririko wa mto wenyewe bila bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Kwa hiyo usitegemewe kuzuia mafuriko. Mchanga unaopita kwenye mitambo ya aina hiyo husaga vyuma vyake kama msasa, na gharama ya matengenezo mwishowe humfikia anayelipia umeme.

Ngara inajua kilima kitupu kinafanya nini

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24. Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Watu hao walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, kama ambavyo mtu yeyote angehitaji. Kadiri wiki zilivyopita, safari ya kutafuta kuni ikawa ndefu zaidi, na vilima kuzunguka kambi vikabaki vitupu.

Jambo hili halisemwi ili kuwalaumu wakimbizi. Linasemwa kwa sababu wazee wa Ngara waliona kwa macho yao kazi ambayo miti na majani huifanya kimyakimya, na kinachotokea kazi hiyo inapokoma. Leo hakuna kambi ya ukubwa ule Benaco, lakini shoka, mkaa, moto wa kiangazi na kilimo cha kushuka mlima vinaweza kufanya polepole kile ambacho 1994 kilifanyika kwa miezi michache.

Kuzoa mchanga peke yake hakutoshi

Vijiji vingi mto ukijaa hudai uchimbwe. Kusafisha mitaro na kalavati kabla ya mvua ni lazima. Lakini fanya hesabu hii.

Ekari moja ikipoteza udongo wa unene wa milimita 1 tu, unene ambao jicho halioni, imepoteza takribani mita za ujazo 4. Hizo ni kama debe 200 za udongo, karibu tani 5. Kilima chenye ekari 100 kikipoteza milimita hiyo moja, ni debe 20,000. Nani atazizoa mtoni kila mwaka, na kwa fedha gani? Na udongo huo ndio uliokuwa wa juu kabisa, wenye mbolea. Mkulima amepoteza shibe ya mwaka kesho, na jirani yake wa bondeni amepokea mafuriko.

Hapa ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Anayelima juu hafurikiwi, na anayefurikiwa hana jembe mlimani. Wa bondeni akimlaumu wa juu, hawapatani. Kinachoweza kuwapatanisha ni kwamba kazi inayolinda bonde humfaidi kwanza mwenye kilima, kwa sababu udongo na samadi vinabaki kwake.

Kazi ya mlimani

Kanuni ni moja: maji yakitelemka yasipate nafasi ya kukimbia. Lima kwa kukata mteremko, usilime kwa kushuka nao.

Ili kupata mstari ulio sawa huhitaji mtaalamu wa vipimo. Chukua fito mbili zenye urefu sawa, kama mita 2, zifunge pamoja juu na uzitanue chini. Funga ufito wa tatu katikati kwa kulala. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu, ipite mbele ya ufito uliolala. Simamisha chombo, tia alama pale kamba inapogusa, kisha geuza miguu ibadilishane nafasi na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho kukata mteremko. Kila kamba inapotulia katikati, weka kigingi kwenye mguu. Unganisha vigingi, umepata mstari wa makinga maji.

Kwenye mstari huo chimba mtaro. Udongo ukiutupa upande wa juu, hiyo ni fanya juu. Ukiutupa upande wa chini, ni fanya chini. Kwa fanya juu, udongo unaoshuka hukwama nyuma ya tuta, na miaka ikipita shamba hujitengenezea ngazi. Panda majani ya tembo au vetiva juu ya tuta. Yatashika udongo, na majani ya tembo pia yatalisha ng'ombe na mbuzi.

Mambo mengine ya kufanya:

– Tandaza majani kwenye migomba na kahawa, na usichome mabaki ya mazao.
– Changanya mahindi na maharage ili udongo ufunikwe mapema.
– Badilisha njia ya ng'ombe kabla haijawa korongo.
– Korongo dogo lizibe kwa mawe au fito zilizosukwa, ukianzia juu na kushuka. Anayeanzia chini husombewa kazi yake.

Haya si mageni kwetu. Mradi wa Kagera TAMP, ulioendeshwa na FAO kwa fedha za GEF katika Tanzania, Rwanda, Burundi na Uganda, uliyafanyia kazi mambo ya namna hii kwa mashamba darasa, Ngara ikiwa miongoni mwa wilaya zake. Afisa ugani wa kata yako anaweza kukuonyesha yanayofaa mteremko wako.

Kazi ya bondeni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mkulima mwenye kishamba cha bondeni huona sheria hii kama adui, na ana sababu: kiangazi kikikaza, unyevu umebaki bondeni peke yake, na mboga na maharage ya familia hutoka huko.

Lakini ukingo uliolimwa hadi majini huporomoka, na unapoporomoka huondoka na shamba hilohilo. Kuacha mafunjo na majani ukingoni ni kujiwekea ukuta. Serikali ya kijiji ikae na wanaolima huko kabla ya msimu, mipaka ipimwe hadharani, na wanaohama wasaidiwe kupata mahali pengine pa kulima mboga. Mipaka inayowekwa kwa ghafla, katikati ya mazao, huzaa ugomvi na haidumu. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria ndiyo yenye dhamana ya vyanzo vya maji katika eneo letu.

Mto unapokuwa wa kahawia

Mto ukichafuka ghafla huku kwako hakujanyesha, ujue kumenyesha juu na maji yako njiani. Ondoa mifugo na mashine ya kumwagilia. Kijito kikipungua ghafla mvua ikiwa bado inanyesha, huenda kimezibwa juu kwa magogo au udongo. Ondoka bondeni, kwa sababu kizuizi hicho kikiachia, maji huja kwa mkupuo.

Usivuke maji ya tope yanayokwenda, hata kama ni njia yako ya kila siku. Tope huficha mashimo, na maji ya kasi yanayofika magotini humwangusha mtu mzima. Shikilia watoto wa shule upande walioko hadi maji yapungue. Kikosi cha zimamoto na uokoaji kinapatikana kwa namba 114, na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa redioni.

Maji ya kunywa nayo yanahitaji uangalifu. Dawa ya klorini hupungua nguvu kwenye maji ya tope, na vijidudu hujificha kwenye chembe za udongo. Acha maji yatulie, mimina yale ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa safi, ndipo uchemshe.

Makinga maji huchimbwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na kazi za shamba zikiwa chache. Mvua za vuli huanza kati ya Septemba na Oktoba, na mtaro uliochimbwa Agosti ndio utakaozipokea. Mvua ikishaanza, udongo uliopotea mlimani tutakutana nao kwenye kalavati.